Bei ya Kuzuga

Mchezo wa poka umedhulumiwa zaidi na wanaousifu kuliko wanaouchukia. Wanaouchukia husema ni kamari, na hapo hawakukosea. Wanaousifu husema ni mchezo wa majasiri, watu wenye macho makavu, wanaoweza kusukuma fedha zao zote katikati ya meza huku mkononi hawana kitu, mpaka mwenzao anaingiwa na hofu na kutupa karata nzuri. Sinema zimeieneza sifa hiyo dunia nzima. Mimi nimeishi kwa miaka mingi katika nchi ya mchezo huu, nimeucheza kwa senti na nimesoma historia yake, na nimefikia kuamini kwamba sifa hiyo ndiyo inayowafilisi watu wenye mifuko midogo. Kuzuga si ushujaa. Kuzuga ni bidhaa, ina bei yake. Historia ya poka, tangu meli za mvuke za mtoni hadi kompyuta za leo, ni historia ya watu waliokuwa wakijifunza polepole kuisoma bei hiyo.

Huenda msomaji wa kwetu pwani akataka kukiweka kitabu chini hapa hapa. Kwa Mwislamu kamari ni haramu, na hata katika nyumba nyingi za Kikristo nilizozijua utotoni, karata zilichezwa uani, si sebuleni. Simshawishi mtu kucheza. Lakini karata zenyewe si ngeni kwetu. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu, na Mombasa iliwatoka mwaka 1698. Walituachia meza, leso na bendera, na walituachia pia karata na majina yake: kopa, uru, shupaza na pau. Ndiyo maana Mswahili anaiita kopa, yaani kikombe kwa Kireno, karata ambayo leo imechorwa moyo. Wazee wetu waliocheza wahedi na sitini kibarazani walikuwa wakitamka Kireno bila kujua.

Poka ilipita njia nyingine. Wafaransa walikuwa na mchezo wa Poque, Wajerumani walikuwa na Pochen, na wengi wanaoandika historia hii huona kwamba mchezo wa Kifaransa ulifika New Orleans na kuota mizizi huko. Louisiana ilikuwa ya Ufaransa kabla ya kuuzwa kwa Marekani mwaka 1803. Kutoka New Orleans mchezo ulipanda mto Mississippi pamoja na pamba, wafanyabiashara na meli za mvuke.

Kabla sijaendelea, niyaeleze maneno nitakayoyatumia. Kuzuga ni kuweka dau kubwa ukiwa na karata dhaifu ili mwenzako adhani una nzuri, atupe zake. Kungojea ni kuwa na karata ambazo kwa sasa hazina thamani, lakini zinahitaji karata moja tu ili ziwe na nguvu. Mfano una kopa nne na unangoja ya tano. Anayelipa dau la mwenzake nitasema amefuata. Anayekataa nitasema ametupa. Anayeacha zamu yake bila kuweka kitu nitasema amepita.

Mwigizaji mmoja wa Kiingereza, Joe Cowell, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1844 jinsi alivyouona mchezo huu mwaka 1829, akiwa ndani ya meli iitwayo Helen M'Gregor iliyokuwa ikiteremka kutoka Louisville kwenda New Orleans. Siku hizo poka ilichezwa kwa karata 20 tu: ree, wafalme, malkia, majeki na kumi. Watu wanne waligawiwa karata tano tano, na zote zikaisha. Hapakuwa na karata iliyobaki, wala ya kubadilisha, wala ya kungoja. Ulichopewa ndicho ulichokuwa nacho mpaka mwisho.

Fikiria maana yake. Mtu aliyezuga kwenye meli ile alizuga akiwa uchi. Kama mwenzake alifuata, hakuwa na pa kukimbilia. Hakuna karata ambayo ingekuja kumwokoa. Na kwa kuwa kuweka dau ndilo lilikuwa jambo pekee la kufanya, kuzuga kukawa ndio mchezo wenyewe. Ndiyo sababu vitabu vya sheria za michezo vya katikati ya karne ya 19 viliutaja mchezo huu kwa majina mawili, poka au Bluff, na neno hilo la pili maana yake ni kuzuga kwenyewe. Nadhani sifa ya ushujaa ilizaliwa hapo. Ilizaliwa pia pamoja na wizi, kwa maana meli zile zilikuwa na wacheza karata wa kulipwa walioishi kwa kuwanyang'anya abiria. Mmoja wao, Jonathan Green, aliacha kazi hiyo, na mwaka 1843 akachapisha kitabu cha kufichua hila zao.

Mabadiliko makubwa yalikuja taratibu. Kwanza karata 20 zikaacha nafasi kwa 52, hivyo watu wengi zaidi wakaweza kukaa meza moja. Halafu, kufikia katikati ya karne ile, ikaingia ruhusa ya kutupa karata mbaya na kupewa nyingine. Karata tano za aina moja zikapewa thamani, na baadaye mfululizo pia. Wanahistoria huyaeleza haya kama marekebisho ya sheria. Mimi nayaona kama kuzaliwa kwa matumaini mezani. Sasa mtu mwenye kopa nne hakuwa maskini tena, wala hakuwa tajiri. Alikuwa mtu anayengoja. Na mtu anayengoja ana uhuru ambao mzugaji wa kwenye meli hakuwa nao: anaweza kuzuga, akikamatwa bado ana akiba. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini ilipita zaidi ya karne moja kabla mtu hajaliweka jambo hilo kitabuni kwa jina na kwa hesabu.

Hatua iliyofuata ilitokea Texas, jimbo ninaloishi. Mwaka 2007 baraza la kutunga sheria la Texas lilipitisha azimio la kuutambua mji wa Robstown kuwa ndipo ulipozaliwa mchezo wa Texas Hold'em, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Nimewahi kupita Robstown njiani kwenda Corpus Christi. Ni mji mdogo kwenye ardhi tambarare ya mashamba ya pamba, na mgeni asingeambiwa asingejua. Katika mchezo huo kila mtu hupewa karata mbili za siri. Dau huwekwa. Kisha karata tatu hufunuliwa kwa pamoja katikati ya meza, nazo huitwa flopu, ni mali ya wote. Dau tena. Hufuata karata ya nne, dau, kisha ya tano, dau la mwisho. Kila mmoja hutengeneza mkono bora wa karata tano kutokana na saba hizo.

Kwa mpangilio huu, kungojea kukawa ndio moyo wa mchezo. Flopu inapofunuliwa umeona karata tano kati ya saba zako, lakini madau matatu bado yako mbele. Watu wote wanaziona karata tatu zilezile, kila mmoja anajua mwenzake anaweza kuwa anangoja nini. Hofu, matumaini na bei vinakutana mahali pamoja.

Miaka ya 1960 mchezo ulifika Las Vegas ukiletwa na wachezaji wa Texas. Mwaka 1970 Benny Binion, naye mzaliwa wa Texas, alianzisha mashindano ya dunia katika kasino yake ya Horseshoe. Mtexas mwingine, Doyle Brunson, alishinda mashindano makuu mwaka 1976 na tena 1977, mara zote mbili akiwa na kumi na mbili mkononi, karata ambazo mtu mwenye busara angezitupa. Mwaka 1978 Brunson alijichapishia kitabu kikubwa, baadaye kikaitwa Super/System. Ndani yake alifichua jinsi alivyocheza: hakungoja kwa upole. Akiwa na kopa nne, yeye ndiye aliyeweka dau. Wenzake wakitupa, amechukua fedha bila kuonyesha karata. Wakifuata, kopa ya tano bado inaweza kuja.

Jambo hilohilo David Sklansky alilipa jina, katika vitabu alivyoandika miaka ya 1970 na 1980. Kwa Kiswahili naliita kuzuga nusu. Ni dau la mtu ambaye kwa sasa karata zake si bora, lakini zina nafasi ya kuwa bora. Ana njia mbili za kushinda: mwenzake atupe, au karata ije.

Hapa naomba subira ya msomaji kwa hesabu kidogo, maana bila hesabu habari hii inabaki hadithi. Karata ni 52. Unazo mbili, tatu ziko mezani, umebaki usizoziona 47. Kama una kopa nne, zimesalia kopa 9. Nafasi ya kopa kuja katika karata inayofuata ni 9 kwa 47, yaani asilimia 19. Nafasi ya kuja katika mojawapo ya karata mbili zilizobaki ni asilimia 35. Kama unangoja mfululizo ulio wazi pande zote mbili, karata zinazokufaa ni 8, na nafasi katika karata mbili ni asilimia 31 na nusu. Kama mfululizo una pengo katikati, zinazokufaa ni 4, nafasi ni asilimia 16 na nusu. Mcheza mzoefu hahitaji kalamu: huzidisha idadi ya karata zinazomfaa kwa 4 zikibaki karata mbili, kwa 2 ikibaki moja, akapata jibu la karibu.

Sasa tuseme mezani kuna dola 6 na mmebaki wawili. Unaweka dola 6, na dau lenu linaishia hapo. Kama huna kitu kabisa, na mwenzako hutupa nusu ya mara, mara moja unapata 6, mara nyingine unapoteza 6. Faida yako ni sifuri. Kama unangoja kopa, mwenzako akitupa unapata 6, na akifuata mezani kuna dola 18, ambazo asilimia 35 yake ni dola 6 na senti 30. Umelipa 6, kwa hiyo hata ukikamatwa umesimama na faida ya senti 30. Kwa wastani wa mara nyingi, dau lako lina thamani ya dola 3 na senti 15. Ukipita tu na kuziona karata mbili bila kulipa, fungu lako katika zile dola 6 ni dola 2 na senti 10. Basi kuzuga nusu kumeshinda ujasiri mtupu, na kumeshinda upole pia.

Lakini badilisha jambo moja tu. Tuseme mwenzako hatupi kamwe. Mwenye kuzuga uchi anapoteza dola zake 6 kila mara. Mwenye kuzuga nusu anabaki na zile senti 30, ilhali angepita angekuwa na dola 2 na senti 10. Dau lilelile, karata zilezile, mchezaji yuleyule. Ila kwa kuwa aliyekaa mbele yake ni mtu wa aina nyingine, werevu umekuwa upumbavu. Tafadhali ukumbuke mfano huu, maana nitaurudia tutakapofika kwenye meza za maskini.

Kabla ya Brunson na Sklansky, wanahisabati walikuwa wameshaufikia mchezo huu kwa njia yao. John von Neumann, mzaliwa wa Budapest, aliandika juu ya nadharia ya michezo mwaka 1928, na mwaka 1944, akiwa Princeton, yeye na Oskar Morgenstern walitoa kitabu kikubwa kilichokuwa na sehemu ndefu juu ya poka. Alionyesha kwamba kuzuga si tabia ya ukorofi, bali ni sehemu ya lazima ya kucheza vizuri. Alitoa sababu mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: uchukue fedha ukiwa dhaifu. Ya pili wengi huisahau: usipozuga kamwe, siku utakapokuwa na karata kubwa hakuna atakayekufuata. Mwaka 1950 Harold Kuhn alitengeneza poka ndogo ya karata tatu tu na watu wawili, akaihesabu yote. Katika mchezo huo, wa pili akiwa na karata ya chini kabisa, na wa kwanza amepita, anapaswa kuzuga mara 1 katika kila 3. Si kila mara anapojisikia shujaa.

Von Neumann aligundua jambo jingine ambalo mwanzoni lilinichanganya. Katika mfano wake, anayezuga hutumia mikono mibovu kuliko yote, si ile ya kati. Mkono wa kati hupita. Nilijiuliza: mbona Brunson na Sklansky wanasema tuzuge tukiwa na karata zenye matumaini? Jibu ni kwamba katika mfano wa von Neumann hapakuwa na karata iliyobaki kuja. Alikuwa, kwa namna fulani, bado kwenye meli ya Joe Cowell. Kwenye flopu, kopa nne ni mkono mbovu leo wenye kesho nzuri. Mkono wa kati ni kitu kama jozi ndogo: una thamani kidogo leo, na kesho yake ni finyu. Ukizuga nao, wenye karata mbaya kuliko zako watatupa, na wenye nzuri kuliko zako watafuata; umejifukuzia wateja na kubaki na wadai. Bwana wa Princeton na watu wa Texas walikuwa wanasema jambo moja.

Mwaka 2003 dunia iliona jambo hilo kwenye televisheni. Mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker, aliyepata nafasi yake kupitia mashindano ya intaneti ya kiingilio chini ya dola 100, alibaki na mchezaji wa kulipwa, Sammy Farha, kati ya washindani 839. Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza na saba. Karata nne za mezani zilikuwa tisa, mbili, sita na nane, na tatu kati yake zilikuwa shupaza. Farha alikuwa na jozi ya tisa. Moneymaker hakuwa na kitu, lakini alikuwa anangoja shupaza ya tano, na pia tano au kumi ya kukamilisha mfululizo. Kwa jinsi alivyoweza kuona, karata 15 kati ya 46 zilimfaa, karibu theluthi moja. Alipandisha dau. Farha alifuata. Karata ya mwisho ikawa tatu, haikumfaa kitu. Moneymaker akasukuma zote. Farha alifikiri kwa muda, akatupa, na Moneymaker akaenda kushinda dola milioni 2.5. Watu waliokuwa wakitazama waliona ushujaa wa karata ya mwisho. Hawakuiona theluthi ya karata ya nne, ambayo ndiyo iliyoufanya uongo ule uwe na sura ya kweli. Ukipandisha dau mapema kama mwenye mkono, mwisho wa safari hadithi yako inasikika.

Siku hizi mashine zimemaliza ubishi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba programu yao, Cepheus, ilikuwa imetatua kwa kadiri ya kutosha Hold'em ya watu wawili yenye dau la kiwango maalumu. Mwaka 2017 programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Libratus, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika mikono 120,000, nayo Pluribus mwaka 2019 ikafanya hivyo kwenye meza ya watu sita. Mashine hazina macho makavu wala moyo wa simba. Huzuga kwa sababu hesabu inataka, na mara nyingi huchagua mikono yenye karata za kungojea.

Sasa nirudi kwenye meza ninayoijua. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2009, Jumamosi usiku, tulikuwa tukikutana watu sita au saba katika nyumba ya kupanga hapa Houston: dereva wa lori kutoka Kenya, fundi wa Lubumbashi anayeongea Kiswahili cha kwao chenye ladha ya Kifaransa, Wameksiko wawili wa kazi za ujenzi, Mtexas mzee mstaafu wa reli, mimi, na kijana mmoja wa Tanga aliyekuwa akifanya kazi usiku ghalani. Sarafu zetu za plastiki zilikuwa za senti 25. Hakuna aliyekata ushuru, na chai ilikuwa bure.

Kijana huyu alikuwa ametazama video nyingi za mabingwa. Flopu ikifunuliwa, hata kama haimhusu, aliweka dau. Wakifuata watatu, aliweka jingine kubwa zaidi. Karata ya mwisho alisukuma zote. Yule mzee wa reli alikuwa akimfuata na jozi ya nne nne, akisema amelipa ili aone tu. Kijana alikasirika. "Angejua kucheza angetupa," aliniambia njiani. Nilimwuliza, "Mwanangu, hizo sarafu ni za mtu anayejua kucheza, au ni za yule mzee?" Alicheka, lakini si kwa furaha. Nilikuwa najua kwamba kila mwezi alitakiwa kutuma ada ya dada yake aliyekuwa kidato cha tatu, na kwamba miezi miwili mfululizo ada ilikuwa imechelewa.

Nilikuwa na desturi ya kuandika mikono ya Jumamosi katika daftari, kwa kupenda historia tu. Siku moja tulikaa jikoni, nikamfungulia. Mara alizozuga uchi mbele ya watu watatu au zaidi, na wote wakatupa, hazikuzidi vidole vya mkono mmoja. Nilimwonyesha sababu kwa hesabu ya kitoto. Kama kila mtu hutupa nusu ya mara, wawili watatupa wote robo ya mara, na watatu watatupa wote mara 1 kwa 8. Na pale kwetu hakuna aliyetupa nusu ya mara. Mtu aliyetoka kazini wiki nzima hakuja mezani kutupa karata, na senti 75 ni bei ndogo ya kumaliza udadisi. Kuzuga ni kumwuzia mtu hofu. Mtu asiye na cha kupoteza hanunui hofu.

Ndipo tukayapanga upya yale ambayo vitabu viliandikiwa meza kubwa, yafae meza ndogo. Kwanza, hesabu watu kabla ya kuhesabu karata. Mkibaki wawili, na mwenzako ni mtu anayeweza kutupa, zuga nusu. Wakiwa wanne, pita, ngoja kopa yako kwa bei nafuu. Pili, usifuate dau bila kulinganisha bei na nafasi. Mezani kuna dola 8, mtu ameweka 4, unalipa 4 kutafuta 12, kwa hiyo unahitaji robo. Karata moja ya kopa inakupa asilimia 19 tu, na lazima uwe na hakika kwamba ikija utalipwa zaidi. Pale kwetu, kwa wema wa Mungu, ulilipwa, kwa kuwa wasiotupa ukiwa huna kitu ni walewale wasiotupa ukiwa nacho. Tatu, ngoja kitu kikubwa. Kopa zenye ree ndani yake, si kopa ndogo ambazo zikija zitakuta kubwa kuliko zake. Nne, kama ulikuwa unangoja na karata haikuja, na aliyebaki ni mzee wa reli, pita. Debe tupu haliachi kutika, lakini mzee yule alikuwa mzito wa masikio. Tano, weka dau zito ukiwa na mkono mzuri, bila kujificha. Ile sababu ya pili ya von Neumann, kwamba uzuge ili siku nyingine ufuatwe, haina kazi mahali unapofuatwa kila siku.

Alinisikiliza, akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Sasa Mzee, mchezo wenyewe uko wapi?" Lilikuwa swali la haki. Nilimjibu kwamba kwenye meza ndogo sehemu kubwa ya mchezo ni kutupa, na kwamba asiyeufurahia mchezo huo hajafungwa kamba kitini. Jumamosi iliyofuata alikuja na bahasha yenye ada ya dada yake, akanikabidhi kabla ya kukaa, akasema, "Nishikie hii mpaka Jumatatu niitume." Alicheza na dola 20 zilizobaki. Hakugeuka bingwa. Usiku ule alishinda kidogo, mwingine akapoteza kidogo, na zipo siku niliona mkono wake ukikimbilia sarafu flopu ilipofunuliwa, kisha ukarudi. Mwaka uliofuata alihamia Dallas kwa kazi bora. Dada yake alimaliza kidato cha nne.

Nimeitafakari bahasha ile kuliko mikono mingi iliyoandikwa vitabuni. Watu wa meli za mvuke walizuga kwa sababu hawakuwa na karata ya kungoja. Brunson na wenzake wakatufundisha kuwa na akiba nyuma ya uongo wetu. Wanahisabati wakatupa kipimo, na mashine zikathibitisha. Lakini wote walikadiria kwamba fedha iliyoko mezani ni ya mezani. Hesabu ya mtu mdogo huanza nyuma zaidi, kwenye ada, kodi ya nyumba na nauli ya Jumatatu. Fedha ikishatengwa kwa kazi hizo, haipaswi kuhesabiwa kama dau, hata kama una kopa nne na ree ni moja kati yake.